Mashua Iliyokawizwa na Pilau

Tangu nirudi kutoka Pemba, kila anayekuja barazani kwangu kununua chapati ananiuliza ilikuwaje. Nikianza kusimulia, chapati inaungua, na yule yule aliyeniuliza ndiye anayesema iliyoungua haitaki. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Anayetaka habari asome, anayetaka chapati anunue. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini nitayasema yaliyotokea kama yalivyotokea, na yale ya kunitia haya yamo pia.

Wengi mnanijua. Kwa asiyenijua, mimi ni Mize wa Kikwajuni, yule mnayemtania kwa kugeuza chapati kwa mkono wa kushoto. Ndivyo nilivyoumbwa, kula nala kwa kulia kama nyote. Mume wangu Pandu alikuwa fundi wa vyombo Nungwi. Wiki nzima alikuwa huko, Alhamisi jioni anarudi nyumbani ananuka sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao. Maisha yake yote aliwaundia watu mashua. Ya mwisho alimuundia dada yake Time, aliyeolewa Mkoani, Pemba, ili wanawe waache kuwa vibarua katika vyombo vya wengine. Alikuwa ameshamaliza kuiunda, amebakisha mlingoti na tanga, ndipo alipofariki.

Nilikaa eda yangu. Nilipotoka, jambo la kwanza nililotaka ni kuiona ile mashua.

Kikwajuni hadi Nungwi

Niliikuta imesimama mchangani juu ya magogo, imekauka kama ganda la ndimu. Kando yake alikuwa shemeji yangu Makame, mdogo wake Pandu, na bwana mmoja aliyevaa kofia pana.

"Karibu, shemeji," akasema Makame. "Bwana huyu ana hoteli. Anaitaka mashua."

"Aende nayo wapi?"

"Haendi nayo popote. Ataifukia nusu mchangani, apange viti, wageni wakae ndani wanywe juisi."

"Juisi tu?"

Makame akakohoa, akatazama baharini.

Sitaki mumwone Makame mtu mbaya. Alikuwa na hoja yake. Mbao za chombo zikikaa sana juani zinapasuka, na chombo kilichopasuka hata hotelini hakitakiwi. Alisema afadhali iuzwe ingali na umbo, na Time apelekewe fungu lake. Lakini nilikuwa nshampigia simu Time, naye aliniambia neno moja tu: "Wifi, mimi nataka chombo."

Tukakubaliana mbele ya mafundi wenzake Pandu. Ikielea bamvua lijalo, itakwenda Pemba. Isipoelea, itakwenda kwa bwana mwenye kofia. Bamvua ni zile siku maji yanapojaa kuliko siku nyingine, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na mashua ya Pandu ilikuwa juu kiasi kwamba maji ya kawaida yasingeifikia. Nilikubali. Mimi nikikubali neno nimekubali, hata likinigeukia.

Mkokotoni, kumtafuta nahodha

Mafundi walinielekeza kwa Vuai, Mtumbatu, nahodha wa siku nyingi ambaye wakati ule hakuwa na chombo. Nilimkuta Mkokotoni, karibu na mnada wa samaki, anakunywa chai na mkate mkavu huku wenzake wote wanakula samaki wa kukaanga.

Nilikuwa nimemchukulia pweza wa nazi kwenye bakuli. Akafunua, akafunika.

"Samaki sili, Bi Mize. Wala pweza."

"Nahodha mzima?"

"Kila siku wanakuja kunichungulia pembeni ya chombo. Nitamlaje mtu tunayejuana?"

Wenzake walicheka, wakalichukua bakuli. Yeye akaniuliza kama nna kitu kingine. Nilikuwa na chapati zangu za njiani. Alikula zote, akajifuta mikono, akasema, "Mashua iko wapi?"

Alikuja Nungwi na baharia wawili. Mmoja alikuwa mkimya, sauti yake siijui mpaka leo. Wa pili ni Mcha, ambaye alisema kwa niaba ya wote wawili. Vuai alipanda ndani, akagonga kila ubao kwa vidole. Mimi nilibaki chini mchangani. Sikuwa na ubavu wa kupanda. Nikamsikia anaguna.

"Nani kaweka sanduku la jiko huku nyuma?" akauliza. Sanduku hilo ni la mbao, linatiwa mchanga, na jiko linakaa juu ya mchanga ili chombo kisiungue. "Tena mlango wake umeelekea kinyume. Mtu atapikaje hapa?"

"Marehemu hakuwa mpishi," akasema Mcha.

"Nikipata nafasi nitaling'oa nilipeleke mbele," akasema Vuai. Namshukuru Mungu kwamba nafasi hakuipata.

Ng'ambo, na kamba ya mafundo

Mlingoti tuliupata Nungwi bila taabu. Lililobaki ni tanga. Vuai alipima kwa kamba, akanipa niipeleke kwa Hafidh, fundi wa Ng'ambo anayeshona maturubai na mahema ya harusi. Aliniambia, "Mpe kamba hii, ataelewa." Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza.

Nilipofika nyumbani niliitoa kamba kikapuni. Imejaa mafundo, moja hapa, moja kule, kama imechezewa na watoto. Niliona aibu kumpelekea fundi wa watu kamba ya namna ile. Nikakaa barazani, nikafungua fundo moja baada ya jingine. La mwisho lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno. Nikaiviringa vizuri, nikaitia kwenye mfuko safi.

Kesho yake Hafidh aliipokea, akaivuta mpaka mwisho, akaivuta tena kutoka upande wa pili.

"Kamba nzuri, Bi Mize. Vipimo viko wapi?"

"Si hivyo hapo."

"Hapo wapi?"

"Kwenye kamba."

Aliitazama kamba, akanitazama mimi. "Haikuwa na mafundo?"

"Ilikuwa nayo. Nimekufungulia."

Hafidh alikaa chini juu ya turubai lake, akacheka mpaka akatoa machozi, na wanafunzi wake wakazima vyerehani ili wacheke vizuri. Kila fundo lilikuwa kipimo: hapa pembe, hapa upande wa juu, hapa upande wa chini. Nilimpigia Vuai, nikamweleza.

"Yote?"

"Yote."

"Hata lile la mwisho?"

"Lile nimelifungua kwa meno."

Nikasikia anamsimulia Mcha, halafu nikasikia kicheko cha Mcha, kirefu. Ilibidi nirudi Nungwi, kamba ipimwe tena. Mara hii Vuai alipaka kila fundo rangi nyekundu, akaniapisha mbele ya watu kwamba sitaigusa mpaka Ng'ambo. Hafidh alishona vizuri na hakukawia, lakini muda tulioupoteza haukurudi. Tanga lilifika Nungwi bamvua likiwa limebakisha siku moja tu limalizike.

Siku ya pilau

Chombo kikubwa hakishuliwi na watu watatu. Mji mzima unaitwa, wanakivuta kwa kamba juu ya magogo mpaka majini. Mimi nilijua hilo, na nilijua kwamba wanaokuja kuvuta wanalishwa. Niliamka na majirani zangu wawili, tukapika sufuria kubwa la pilau ya nyama, na kachumbari na ndizi, tukapakia gari mpaka Nungwi.

Tulifika baada ya adhuhuri. Watu walikuwa wamejaa pwani, kamba zimeshafungwa, maji yanapanda. Sasa, mimi nimelelewa mjini. Kwetu mtu akija kukusaidia kazi humpeleki kazini na njaa, atakula kwanza. Nikatandika mikeka kivulini, nikafunua sufuria, nikasema, "Bismillahi, karibuni."

Watu wakatazamana. Niliwaona wakitazamana. Nilidhani wanaoneana haya, nikawakazania: "Kaeni jamani, pilau inapoa!" Fundi Ame, rafiki yake Pandu tangu utotoni, akavua kofia yake ya kazi, akatoa mfukoni kofia ya kiua, ile ya kuswalia, akavaa. Akakaa. Wote wakakaa. Wakaanza kusoma.

Walisoma Yasini. Wakasoma dua, ndefu, wakamtaja Pandu kwa jina lake na la baba yake na la babu yake. Nikajiambia, kumbe ndivyo Wanungwi wanavyoshua vyombo, wanasoma kwanza. Nikafurahi sana, nikaona ustaarabu mkubwa. Kisha wakala, taratibu, kwa adabu, bila kelele. Makame alikula sahani tatu. Kisha wakasoma dua ya kumaliza.

Mtu pekee aliyekuwa hana raha ni Vuai. Alikuwa anakula huku anatazama bahari, anakula anatazama bahari.

Waliposimama kushika kamba, maji yalikuwa yameshafika mwisho wake na yameanza kurudi. Walivuta kwa nguvu zao zote. Mashua ikateremka, ikalia, ikafika katikati ya mteremko. Mbele yake maji yakawa yanakimbia, na haiwezekani kuvuta mashua ukayafukuza maji. Ikakaa pale pale.

"Bi Mize," Vuai akaniuliza polepole, "kwa nini umefanya hitima leo?"

"Hitima gani?"

"Hii."

"Hii si hitima. Hiki ni chakula cha kushua."

Ndipo nilipoelezwa. Chakula cha kushua kinaliwa chombo kikishaelea, hakiliwi kabla, tangu zama za wazee wao. Walipomwona mjane anafunua sufuria chombo kingali mchangani, waliona haiwezi kuwa chakula cha chombo. Lazima ni hitima ya marehemu. Na hitima haikatishwi. Nani angethubutu kumwambia mjane, "Bibi, acha kumsomea mumeo, maji yanaondoka"? Wao walinistahi mimi, mimi nikawastahi wao, na bahari haikumstahi mtu.

Mcha alikuwa wa kwanza kucheka. Nilimtazama, nikataka kukasirika, nikashindwa.

Maji mafu

Kesho yake asubuhi bwana mwenye kofia alikuja na utepe wa kupimia. Alipima urefu, akapima upana, akaandika mkononi kwa kalamu.

"Shemeji," akasema Makame, "tulikubaliana."

"Kweli," nikasema. "Tulikubaliana."

Sikumbembeleza, kwa sababu neno nililitoa mwenyewe. Niliichukua ndoo yangu nikaenda kuchota maji ya bahari kuzimwagia mbao, maana hata kama itakwenda hotelini sikutaka ipasuke mikononi mwangu. Nilikuwa nakwenda na kurudi, nakwenda na kurudi, na moyoni nilikuwa nasema na Pandu kwamba nimemharibia kazi yake kwa nyama na bizari.

Fundi Ame alikuja na wenzake. Hawakuja kwangu, walikwenda moja kwa moja kwa Makame.

"Makame, jana tuliitiwa nini?"

"Kushua."

"Tumeshua?"

"Hamkushua."

"Tumefanya nini?"

"Mmesoma hitima."

"Basi kazi tuliyoitiwa bado. Huwezi kukitoa chombo mikononi mwetu kabla hatujaimaliza. Bwana huyu anisamehe, asubiri bamvua jingine."

"Neno lilikuwa bamvua moja," akasema Makame.

"Na wewe ulikula sahani ngapi?"

Watu wakaguna. "Tatu," akasema Mcha kwa niaba yake. "Ya tatu alinyonya na mfupa."

Makame alicheka mwenyewe, na akicheka anafanana na Pandu hata ikabidi niinamie ndoo yangu. "Haya," akasema. "Bamvua moja. La mwisho, shemeji."

Zikaja siku za maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana. Vuai angeweza kuniacha akatafute chombo kingine, lakini alibaki. Sitajisifu, alibaki kwa ajili ya chapati, na alisema hivyo mwenyewe. Nilikodi chumba kwa mama mmoja pale Nungwi, nikawapikia yeye na baharia wake, asubuhi chapati, jioni wali na maharage ya nazi. Mchana tulifunika mashua kwa magunia mabichi. Fundi Ame na wenzake walikuja baada ya kazi zao kupigilia tena pamba yenye mafuta katika maungio ya mbao. Bwana mwenye kofia naye alikuwa akipita jioni, anatazama, anasalimia. Siku moja alishika ndoo akatusaidia. Nilimpa chapati.

Kushua

Bamvua la pili nilipika tena. Mara hii sufuria nililiweka ndani ya chumba, nikafunga kufuli, ufunguo nikampa Vuai, akautia shingoni.

"Bi Mize," wakaniita waliokuwa kwenye kamba, "hata maji ya kunywa leo hatupati?"

"Hata ya kunawa!"

"Harufu tu basi!"

"Vuta kamba wewe!"

Mmoja aliita, wengine wakaitikia, na kila wakiitikia mashua ilisogea. Wanawake tulishika kamba ya nyuma. Bwana mwenye kofia aliivua kofia, akashika kamba pia, na hakuna aliyemwambia neno. Maji yalikuja yakaikuta njiani. Ikayumba upande huu, ikayumba upande ule, kisha ikanyanyuka. Nilisikia sauti ya watu kama siku ya Idi.

Halafu nikaona maji yanaingia ndani. Yanaingia kila mahali, katika kila ungio! Nilipiga kelele, "Inazama! Jamani inazama!"

Fundi Ame alikuwa amesimama maji ya kiuno, anacheka. "Mwache anywe, Bi Mize. Mbao zina kiu. Zikishiba zitavimba, zitajifunga zenyewe."

Kweli, ilikunywa siku mbili, wakaitoa maji, haikuingiza tena. Pilau ililiwa siku ile ile ya kushua, chombo kikielea mbele ya macho ya watu. Makame alikula sahani moja tu. Watu walikuwa wanamhesabia.

Nungwi hadi Mkoani

Sikukusudia kupanda. Nilikwenda pwani kuwaaga alfajiri, na kuwapa kikapu cha chapati. Vuai akauliza, "Na nani atapika?" Mcha akasema mwenzake anaweza kupika, yule mkimya akatikisa kichwa kukataa. Nikapanda na kikapu changu. Hivyo tu. Nguo nilizovaa ndizo nilizofika nazo Pemba.

Niseme ukweli: nilitapika tangu tulipoiacha pwani ya Nungwi mpaka jua likawa juu. Upepo wa kusi ulitusukuma vizuri, tanga la Hafidh limejaa bila kasoro, Mcha anaimba, na mimi nimekumbatia ndoo. Baadaye tumbo lilitulia. Mcha alikuwa amevuta nguru kwa mshipi, anang'aa kama sahani mpya. Nikaona haya kukaa bure, nikajivuta mpaka nyuma, kwenye lile sanduku la jiko.

Nilipochutama mbele yake, upepo ulikuwa mgongoni kwangu, moshi ukawa unakwenda baharini. Mkono wangu wa kushoto ukaingia mlangoni bila kujipinda. Kijirafu cha kuwekea mwiko kilikuwa kushoto. Kigingi cha kushikia chombo kikiyumba kilikuwa kulia, ule mkono usio na kazi nikipika. Na sanduku lenyewe lilikuwa fupi. Mwanamume angevunjika mgongo hapo. Mimi lilinienea kama kabati langu la jikoni Kikwajuni, lile lenye mlango unaofungukia upande ambao wageni wote wanaulalamikia.

Pandu hakuwahi kuniambia kwamba nitapanda. Kila nikimuuliza habari za baharini alikuwa akisema wanawake wa mjini wanaogopa maji. Alikuwa akisema hivyo, huku anapima.

Nilipika. Nguru wa nazi kwa wale wawili na mimi, maharage kwa nahodha. Vuai alikuwa ameshika usukani nyuma yangu tu. Alinitazama nikikoroga muda mrefu. Alikula, akaomba tena.

Mkoani tulifika maji yakiwa yamejaa. Time alikuwa ameingia baharini na nguo zake mpaka magotini, hangoji tutie nanga. Alinikumbatia, tukalia kidogo, tukacheka kwa sababu nilikuwa nanuka samaki na sifa, kama kaka yake. Wanawe wawili walipanda, wakazunguka chombo chao, wanashika kila kitu. Yule mkubwa akafika nyuma.

"Mama! Mjomba hapa kakosea. Jiko limewekwa kinyume. Tutaling'oa tuligeuze."

Niligeuka kutazama kule nyuma.

"Hapana," akasema Vuai. "Hilo haligeuzwi. Mpishi wake anatumia mkono wa kushoto."

Kijana akaondoa mikono sandukuni. Time aliutazama mkono wangu, ungali na nazi kwenye vidole. Akaushika, huo huo wa kushoto, akanivuta twende nyumbani tukale.